Zawadi ya darubini, mpeleke mwenyewe akaijaribu

Mpwa wangu alipotimiza miaka 12 nilimnunulia darubini ya mfukoni, ya macho mawili, kwenye duka moja mjini. Ubavuni imeandikwa 30x60, na muuzaji aliniapia kwamba inavuta mpaka ng'ambo. Mtoto huyu anapenda ndege tangu hajaanza shule: chozi, kurumbiza, mdiria, tetere, wote anawajua kwa sauti. Nikampeleka hori ya Mida maji yakiwa yanakupwa, ndege wamejaa matopeni. Akaiweka machoni, akaigeuza, akaiweka tena.

"Mjomba, siwaoni."

Nilipoichukua mimi niliona ukungu, na pete mbili nyeusi zisizokutana. Pesa haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alidhani kosa ni la macho yake.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia hivi: darubini ya zawadi usiinunue kwa siri. Kanga utaifunga umpelekee mtu, hata viatu ukijua namba yake. Darubini inakaa usoni, na nyuso hazilingani. Macho ya mtoto yamekaribiana. Baadhi ya darubini za watu wazima, hata ukizikunja mpaka mwisho, mirija yake bado iko mbali kwake, basi pete mbili zinakataa kuwa moja. Mwenye miwani naye ana lake. Anahitaji inayoonyesha picha nzima hata jicho likiwa nyuma ya kioo cha darubini kwa milimita 15 hivi au zaidi, na vikombe vya machoni viwe vya kukunjwa au kuzungushwa vikashuka. Ni mtu mwenyewe tu, akiwa ameishika, atakayekwambia kama inamkaa.

Halafu hizo namba. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Basi 30x60 ya kweli ingekuwa na lenzi mbili za sentimita 6 kila moja. Ile niliyouziwa niliipima kwa rula, haikufika hata 3. Maandishi yale yalikuwa uongo mtupu, na darubini za namna hiyo zimejaa madukani na barabarani.

Mimi nasema chukua ya mara 8. Wengi wanakimbilia 10 wakiamini kubwa ndiyo bora, lakini pamoja na ndege unakuza na mtetemeko wa mkono, na mara nyingi eneo unaloliona linapungua. Chozi hatulii. Ukiwa bado unatafuta tawi, yeye keshahamia mti wa tatu. Kuna na suala la mwanga: gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inakupa duara la mwanga unaofika jichoni la milimita 5 na kidogo, 10x25 inakupa 2.5. Ufukweni saa sita mchana hutajali. Lakini ingia msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri, umtafute chozi wa Amani juu kabisa kwenye vilele vya miti ya mirihi, utaijua tofauti.

Kwa bei, kwa dola mia na kitu za madukani Marekani unapata 8x42 halali iliyozibwa maji yasiingie, kama Celestron Nature DX au Nikon Prostaff P3. Ikifika huku ongeza usafiri na ushuru. Kama bei hiyo ni nzito kwako, afadhali kuukuu nzuri kuliko mpya ya kuchezea. Zile za umbo la zamani, zenye mabega yaliyotanuka, mara nyingi zina picha safi kwa bei ndogo, ila chungulia ndani kwa tochi: hewa ya pwani huotesha kuvu kwenye vioo, kama nyuzi za buibui. Ukifika nayo nyumbani, itunze pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu.

Dukani usione haya kuchelewa. Toka nje, tazama bango la mbali. Funika lenzi ya kulia, zungusha kigurudumu cha katikati mpaka herufi zikae sawa kwa jicho la kushoto. Kisha funika ya kushoto, na sasa zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Fungua zote mbili. Bango likiwa mawili, au ukihisi macho yanavutwa, irudishe kwa muuzaji hata akipunguza bei nusu, maana kichwa kitauma kabla ya saa moja kwisha.

Mara ya pili nilimchukua mpwa wangu mwenyewe. Ningechagua mimi ningechukua ya 42. Yeye alijaribu tatu, akashika ya 8x32, nyepesi, akasema hii hainichoshi shingo. Nikalipa hiyo hiyo.

Kaskazi ilipoingia tukarudi Mida. Walikuwapo wale ndege weupe kwa weusi, wenye mdomo mnene mweusi, wanaozaliana kwenye visiwa vya mchanga huko Uarabuni wakaja kwetu kula kaa. Alikaa kimya muda mrefu, viwiko vimeegemea magoti.

"Mjomba, amemeza mwili, lakini mguu wa kaa bado unacheza nje."

Nilinyoosha mkono aniazime. Hakuniazima.