Ka-1400, turbo na mafuta ya bei

“Boss, haka ka-1400 unakawekea ile ya bei kwa nini? Ile ni ya Prado.” Kijana wa pampu aliniuliza hivyo Naivasha, mkono tayari umeshika bomba la super, na hakuwa na ubaya wowote. Alisema wanachoamini wengi: mafuta ya bei ya juu, V-Power, Excellium na mengine ya aina hiyo, ni ya magari makubwa, na injini ndogo itosheke na super, yaani petroli ya kawaida. Nimeusikia upande huo kwa mafundi, kwa wahasibu na kwa shemeji zangu, na una hoja nzito ambazo sitazikwepa. Ila kwa gari dogo lenye turbo, naona wameanza na kipimo kisicho chake. Wanapima ukubwa wa injini, wakati kinachotakiwa kupimwa ni kazi inayobebeshwa kila silinda.

Nichukue gari ninaloliendesha, Volkswagen Golf 1.4 TSI ya farasi 122, ambalo limejaa Nairobi kwa wingi wa mitumba kutoka Japani. Injini yake hutoa nguvu ya kuvuta ya Nm 200 kuanzia mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Toyota ya lita mbili isiyo na turbo hutoa karibu hivyo hivyo, na mpaka uikanyage sana. Kazi ya lita mbili, basi, inafanywa na lita moja na nusu kasoro. Turbo inashindilia hewa ndani ya silinda ndogo, shinikizo na joto vinapanda, na hapo petroli inajaribiwa: je, itangoja moto wa plagi uifikie, au itajilipukia yenyewe pembeni ya silinda kabla ya zamu yake? Kujilipukia huko ndiko mafundi wanakoita injini kugonga. Oktani ni kipimo cha ustahimilivu huo tu. Petroli ya 98 haina moto mwingi kuliko ya 95. Inachelewa zaidi kujiwasha, na hiyo ndiyo thamani yake yote.

Kuna hoja ya mwinuko ambayo hutolewa Nairobi kwa kujiamini sana, nami niliiamini kwa muda. Katika majimbo ya milimani ya Marekani, Colorado kwa mfano, petroli ya kawaida huuzwa ikiwa na oktani 85 mahali ambapo kwingine ni 87, kwa kuwa hewa nyepesi hupunguza shinikizo ndani ya silinda na injini haigongi kwa urahisi. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, juu kidogo kuliko Denver. Kwa hiyo, husemwa, hapa kwetu oktani ya juu haina kazi. Kwa injini inayovuta hewa yenyewe ni kweli kabisa. Kwa turbo si kweli. Kompyuta ya injini inataka shinikizo lilelile iwe Mombasa au Limuru, na hewa ikiwa nyepesi turbo huzunguka kwa kasi zaidi ili kulifikia. Hewa iliyoshindiliwa zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi. Kumbe nafuu ya mwinuko anaipata Prado ya petroli ya 2700 isiyo na turbo, yule yule aliyepewa mafuta ya bei kwa heshima ya ukubwa wake, na ka-1400 hakapati kitu.

Niliona jinsi hili linavyotokea nilipochomeka kile kidude cha kusomea kompyuta chini ya usukani na kukiunganisha na simu. Ilikuwa Desemba, tunarudi Nairobi watu watano, buti limejaa viazi na kabichi, AC inafanya kazi. Ukitoka Naivasha barabara ni tulivu kwa muda, kisha Kinungi inaanza kupanda, na mbele yako pana trela linalokwenda mwendo wa mtu anayekimbia. Gari liko gia ya tatu, mizunguko ya chini, mguu umekanyaga. Kwenye simu, ile namba inayoonyesha cheche inapigwa mapema kiasi gani ilianza kurudi nyuma. Ilirudi, ikatulia, ikarudi tena. Injini haikugonga kwa sauti hata mara moja, na abiria hawakujua chochote. Sensa, kifaa cha injini kinachosikiliza kugonga, ilikuwa inasikia kile ambacho sisi hatukukisikia, na kompyuta inaichelewesha cheche ili kuinusuru injini.

Ucheleweshaji huo una gharama, nayo haisemwi vya kutosha. Cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati pistoni imeshaanza kushuka, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto haisukumi pistoni. Inatoka na moshi. Moshi unaochemka hivyo unapita moja kwa moja kwenye turbo na baadaye kwenye katalisti, kile kisafishio cha moshi, na kompyuta, ili isiviunguze, humwaga petroli ya ziada ndani ya silinda kuvipoza. Hebu fikiria hapo. Umepoteza nguvu, kwa hiyo unakanyaga zaidi. Ukikanyaga zaidi turbo inashindilia zaidi. Na juu yake unamwagiwa mafuta yasiyokusukuma hata mita moja. Petroli inayostahimili huivunja duara hiyo pale mwanzo kabisa, kabla cheche haijarudi nyuma. Ndiyo maana sikubali neno “mbwembwe” kwa mwenye turbo ndogo anayepanda Kinungi, Timboroa au Kitonga kule Iringa akiwa amepakia.

Sasa pesa, kwa sababu hapo ndipo upande wa pili unaposimama imara. Chama cha magari cha Marekani, AAA, kilitoa hesabu mbili. Mwaka 2016 kilikadiria kwamba madereva milioni 16.5 walijaza mafuta ya daraja la juu kwenye magari yaliyotengenezewa ya kawaida, na kupoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja bila faida. Mwaka uliofuata kikapima magari ambayo watengenezaji hupendekeza, bila kulazimisha, mafuta ya juu. Wastani wa mafuta yaliyookolewa ukawa asilimia 2.7, ilhali bei ilikuwa juu kwa asilimia 20 hadi 25.

Nimeitafakari hiyo 2.7 mara nyingi. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, asilimia 2.7 ni shilingi 4 na senti 86. Kwa hesabu hiyo mafuta ya bei yangejilipa kama tofauti kwenye pampu isingezidi shilingi 5, na tofauti ninazoziona mimi huzidi hapo sana. Kila shilingi 10 za tofauti ni shilingi 400 kwenye lita 40. Anayekuambia utarudishiwa zote kwa kilomita hajapiga hesabu, nami sitamtetea.

Ila 2.7 ni wastani, na wastani unakizika kilima. Gari likitambaa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, au likienda kilomita 80 kwa saa penye tambarare ya Gilgil, silinda hazina shinikizo la kutosha kuifanya petroli yoyote igonge. Sensa iko kimya, cheche iko mahali pake, na mafuta ya bei hayafanyi chochote cha ziada. Faida yote imejikusanya katika zile dakika ambazo injini inabeba mzigo. Ukiigawanya kwa safari nzima inakuwa kitu kidogo, na anayeisoma hivyo anadhani ni kidogo kila mahali.

Jarida la Car and Driver lilifanya jaribio 2019 ambalo kila upande hulichukulia kipande chake. Honda CR-V ya turbo ya lita 1.5, inayoruhusiwa na kitabu chake kutumia petroli ya kawaida ya Marekani, haikupata faida ya maana barabarani ilipopewa ya juu. Ford F-150 yenye turbo mbili ilichelewa zaidi ya nusu sekunde kufika maili 60 kwa saa iliporudishiwa ya kawaida. Zote ni turbo. Tofauti iko kwa aliyeipanga kompyuta: Honda waliipanga iridhike na oktani ndogo, Ford wakaiachia nafasi ya kutumia kubwa ikiipata. Na Ford wenyewe huyapendekeza mafuta ya juu kwa kazi nzito kama kuvuta trela. Viazi, kabichi na watu watano kwenye Kinungi, kwa injini ya 1,400, ni trela.

Humo humo kuna mtego wa namba. Ile 87 ya Marekani si 87 ya Ulaya wala ya kwetu. Wao huchukua wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo cha RON tunachokutana nacho kwenye magari ya Ulaya. Anayesoma maoni ya Wamarekani kuhusu Golf na kuhitimisha kwamba inahitaji oktani ndogo sana anajidanganya kwa tarakimu.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye kifuniko cha tangi, na hapa upande wa pili una haki kuliko wanavyojua wenyewe. Golf iliyotoka Japani mara nyingi ina kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya premium. Mwenye gari hukipiga picha, hutafsiriwa, na kuanzia siku hiyo hajazi tena super. Lakini Wajapani waliandika vile kwa sababu petroli yao ya kawaida, kwa kiwango chao cha JIS, inatakiwa kufika RON 89 tu, na daraja linalofuata linaanzia 96. Injini ya Ulaya inayotaka 95 haikuwa na mahali pengine pa kwenda ila premium. Golf hiyo hiyo ikiuzwa Ulaya huandikwa 95 tu, na Ulaya 95 ndiyo petroli ya kawaida. Kwetu, super katika biashara ya mafuta huitwa PMS, na hiyo P ni premium. Neno halikusaidii kitu. Ukiamua kununua kwa neno, utalipia neno.

Na yapo mambo ambayo mafuta ya bei hayafanyi, ingawa hudaiwa na marafiki zake wanaoyaharibia jina. Hayasafishi valvu za kuingizia hewa kwenye injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama hiyo TSI, kwa sababu petroli haizigusi valvu hizo. Dawa iliyomo husaidia nozeli, na si dogo, lakini masizi ya valvu yatatolewa na fundi. Hayatibu kikamilifu ule mlipuko wa ghafla wa mizunguko ya chini unaoweza kupasua pistoni za turbo ndogo. Huo unahusiana sana na oili, na ndiyo maana viwango vya oili vya API SN Plus vya 2018 na SP vya 2020 vilitungwa. Akiba yako ikitosha kitu kimoja, anza na oili.

Kisha uchakachuaji. Mafuta ya taa ndani ya petroli huishusha oktani vibaya, na tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, wakati Tanzania inapambana nalo kwa vinasaba, yaani alama za kemikali zinazotiwa kwenye mafuta halali. Super safi kwenye kituo unachokiamini ni bora kuliko jina lolote kwenye kituo usichokijua.

Ninachokidai zaidi ya yote ni namba. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei ya super, dizeli na mafuta ya taa kila tarehe 14 ya mwezi, tunaijua hadi senti. Kwenye pampu nyingi ninazopita hakuna tarakimu ya oktani, si kwa super wala kwa ile ya bei, na mafuta ya bei yapo ya namna mbili: yanayoongeza oktani, na yanayoongeza dawa ya kusafisha peke yake. Mwenye turbo anayelipia ya pili akidhani ni ya kwanza hapati kile alichokifuata kilimani. Uliza. Msimamizi wa kituo asipokuwa na jibu, jaza super.

Mimi mjini natumia super, wiki nzima. Nikisafiri na mzigo najaza ile ya bei niliyohakikishiwa oktani yake, na singoji tangi liishe. Robo ya super ikibaki, naongezea juu yake; oktani ya mchanganyiko hukaa katikati ikiegemea iliyo nyingi, na kompyuta hujirekebisha yenyewe. Ndivyo nilivyomweleza yule kijana wa Naivasha alipokuwa anafunga kifuniko: Prado nyuma yangu itafika Limuru na super yake bila shida, na mimi nina Kinungi mbele, watu watano, na lita 1.4.