Klabu Ikikutoza Ada, Mwache Kijana Acheze Shuleni

Hapa Ohio, Marekani, msimu wa soka la sekondari huanza Agosti, na ukikaribia, wazazi tuliotoka Afrika Mashariki tunaanza kupigiana simu: kijana abaki klabu au aingie timu ya shule? Mimi nasema hivi. Klabu ikimgharamia mtoto, aende. Kama wewe ndiye unayeilipa klabu, mwache acheze shuleni.

Mtu aliyeko nyumbani anaweza kushangaa kwamba hili ni swali. Kule Morogoro hatukuwa tunachagua. Ulicheza mchangani, ukaichezea shule, na ukiwa na kipaji UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, ilikutoa wilayani ikakupeleka mkoani, hata taifa. Wikiendi timu ya ndondo, ya mtaani, inakuita, unaenda. Njumu tuliazimana. Shida yetu ilikuwa mzazi aliyeuona mpira ni uhuni, na kiwanja chenye mawe kuliko nyasi.

Huku nyasi zipo, taa zipo, na baba mzima anakaa pembeni ya uwanja na kiti chake cha kukunja akimshangilia mwanawe. Hilo nalipenda sana, natamani lingekuwepo kwetu. Lakini njia ya kupanda juu inapita mfukoni mwa mzazi. Ukijumlisha ada, jezi, safari na hoteli za mashindano katika majimbo mengine, klabu ya kawaida inakula maelfu ya dola kwa mwaka. Nawajua akina baba wanaofanya kazi ghalani usiku na kuongeza zamu ya Jumamosi, ili winga wa miaka 15 akacheze mechi tatu Indiana, mbili kati ya hizo akiwa benchi. Wanachoahidiwa ni ufadhili wa chuo.

Tupige hesabu basi. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 9.9 tu, na kocha aliugawa vipande vipande kwa kikosi kizima. Sasa kwa vyuo vilivyoingia mfumo mpya unaoviruhusu kuwalipa wanamichezo, ukomo huo umeondolewa, ila kikosi hakizidi wachezaji 28, na makocha wanatafuta vijana duniani kote, siyo Ohio tu. Fedha za masomo zinazotolewa kwa alama za darasani ni nyingi zaidi kwa mbali. Na hapo timu ya shule inamsaidia mzazi: kanuni za Ohio zinamtaka mchezaji awe amefaulu masomo yasiyopungua matano katika kipindi kilichotangulia. Kijana asiyemsikia mama yake kuhusu hisabati humsikia kocha.

Sisemi kwamba shuleni kuna soka bora. Mechi ni dakika 80, wachezaji wanatolewa na kurudishwa uwanjani, mbio ni nyingi na pasi chache, na kocha huenda ni mwalimu wa historia. Makocha wa vyuo huenda zaidi kwenye mashindano ya klabu. Anayepata akademi ya klabu ya MLS, ligi kuu ya kulipwa ya hapa, kama ile ya Columbus Crew, aende bila kusita. Kwa kawaida akademi hizo hazimtozi mzazi. Katika ngazi ya juu ya MLS NEXT, ligi ya vijana ya MLS, kwa kawaida haruhusiwi kuichezea shule, na kwa kijana wa kiwango hicho nalikubali. Lakini jina la ligi lisikudanganye, kwani ndani yake zimo pia klabu zinazotoza ada. Kwa mabinti, ligi ya klabu iitwayo ECNL, iliyoanza 2009, huwaachia nafasi ya kucheza shuleni, kwa hiyo uamuzi wao ni mwepesi kidogo.

Kwa watoto wetu waliofika juzi, Kiingereza bado kinawapiga chenga, timu ya shule inawapa kitu ambacho klabu haiuzi. Mwaka 2015 Lewiston High School ya Maine ilitwaa ubingwa wa jimbo, kikosi chake kikiwa kimejaa watoto wa wakimbizi wa Kisomali, baadhi yao wakiwa wamelelewa katika kambi za Kenya. Mji ambao baadhi ya watu wake hawakuwataka wazazi wao ulijaa uwanjani kuwashangilia. Vijana wa Kikongo na Kirundi ninaowaona huku wanasalimiwa kwa majina kwenye korido za shule kwa sababu ya bao la Jumanne.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, msingoje Agosti. Shule haimruhusu kijana hata kwenye majaribio bila fomu ya uchunguzi wa afya iliyosainiwa, na miadi ya daktari hujaa mapema. Pigeni simu mwezi Juni.