Kilojuli kwa moli si mwisho wa hesabu

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Moshi mlinganyo wa mmenyuko na jedwali la nishati za bondi, yaani nishati inayohitajika kuvunja kila kiungo kinachoshika atomu pamoja. Atajumlisha zinazovunjika, atatoa zinazoundwa, atapata jibu lenye alama ya kutoa, ataandika kuwa mmenyuko unatoa joto, kisha atapiga mstari chini. Nafundisha kemia ya tuisheni, na hesabu hiyo wanaiweza hata wale wanaojiita wagumu wa namba. Tatizo ni kwamba tunawashusha njiani. Bado hatua moja tu wajue ni mwanga gani unaoweza kuivunja bondi hiyo, na ukiacha miezi yetu ya mawingu, mwanga ni kitu ambacho mji huu haujapungukiwa.

Hatua yenyewe ni hii. Bondi ya klorini kwa klorini ina kilojuli 242 kwa moli. Hiyo ni nishati ya moli nzima. Igawe kwa namba ya Avogadro, idadi ya bondi zilizo kwenye moli moja, 6.022 × 10²³, na bondi moja itabaki na juli 4.02 × 10⁻¹⁹. Sasa zidisha konstanti ya Planck (namba inayounganisha nishati ya mwanga na mawimbi yake) kwa kasi ya mwanga, ugawe kwa nishati hiyo ya bondi moja, na utapata urefu wa wimbi wa takriban nanomita 494. Wimbi likiwa fupi, nishati huwa kubwa; likiwa refu kuliko hapo, nishati haitoshi. Anayechoshwa na vipeo vya kumi achukue njia ya mkato: 119,600 gawanya kwa kilojuli za moli, jibu linakuja kwa nanomita. Kikokotoo cha simu ya kitochi kinatosha.

Nanomita 494 ni bluu inayoelekea kijani, mwanga tunaouona kwa macho. Hapo ndipo mambo yanaponoga. Kwenye kemia ya kaboni wanafunzi wote hukariri kwamba metani (kaboni moja yenye hidrojeni nne) na klorini humenyuka kwenye mwanga wa jua, na kwamba hatua ya kwanza ni klorini kuvunjika vipande viwili. Uliza kwa nini isianze metani. Darasa linakuwa kimya, au mmoja anajibu kwamba ndivyo notsi zinavyosema. Kumbe jibu liko kwenye jedwali lilelile walilolitumia wiki iliyopita: bondi ya kaboni na hidrojeni ina kilojuli 413, sawa na nanomita 290, na mawimbi mafupi hivyo ozoni, gesi iliyo juu angani, imeshayameza karibu yote kabla hayajafika chini. Klorini inavunjwa na bluu ya kawaida. Metani inasubiri kushambuliwa na atomu ya klorini iliyokwisha kuachwa peke yake.

Mlinganyo wa Planck wanakutana nao kwenye muundo wa atomu, nishati za bondi kwenye mada ya joto la mmenyuko, metani kwenye kemia ya kaboni. Mada tatu, daftari moja, na hazisalimiani.

Jambo ambalo ningetaka kila mwanafunzi aondoke nalo ni kwamba wingi wa mwanga haufidii udogo wa nishati ya fotoni, ile chembe moja moja ya mwanga. Parachichi likiwa juu kileleni, watoto mia wanaweza kurusha mawe mchana kutwa, na kama hakuna jiwe linalofika, parachichi halidondoki; akija mmoja mwenye mkono, jiwe lake moja linatosha. Taa nyekundu ya nanomita 650, hata iwe na nguvu kiasi gani, fotoni yake moja haiwezi kuivunja klorini. Inaweza kupasha moto mpaka joto lifanye kazi yake, lakini hiyo ni njia nyingine. (Leza kali za maabara zina ujanja wa kugonga kwa fotoni mbili kwa pamoja. Tuziache huko.)

Sasa toka nje. Bondi ya kaboni kwa kaboni ina takriban kilojuli 347, yaani nanomita 345, na mwanga huo, wa urujuanimno usioonekana kwa macho, unatufikia kila siku. Kwa hiyo ndoo ya plastiki iliyoachwa uani miaka miwili inapasuka ukiishika mkono? Karibu, lakini si hivyo tu, na hapa mwalimu asiharakishe. Fotoni kuwa na nishati ya kutosha hakutoshi, lazima kitu kiimeze kwanza. Polithini safi huiacha fotoni ya 345 ipite. Kinachoimeza ni uchafu uliobaki kiwandani na sehemu za mnyororo zilizokwisha kushika oksijeni, na uharibifu unaanzia hapo. Ndiyo maana mabomba meusi ya maji hudumu juani: masizi yaliyochanganywa ndani yake huumeza mwanga kabla haujafika kwenye minyororo.

Hesabu hii pia ingeondoa imani moja niliyoichoka, kwamba jua la baridi halina madhara. Joto la hewa halibadilishi nishati ya fotoni. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua habari hii kwa midomo yao, maana theluji mpya huirudisha juu sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Na si bahati kwamba hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ndipo panapotengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino. Ngozi isiyo na melanini, ile rangi yake ya asili, haina cha kuzimeza fotoni hizo kabla hazijagusa DNA.

Mwalimu mwenzangu hupinga: mtihani hauulizi hivyo, na namba za jedwali ni wastani tu. La pili ni kweli. Kuiondoa hidrojeni ya kwanza ya metani huhitaji kama kilojuli 439, si 413, na wimbi linashuka hadi nanomita 272. Lakini mwanafunzi aliyeona namba mbili hizo zikitoa mwanga tofauti ameelewa wastani ni nini kuliko aliyeambiwa tu kwamba ni wastani. Kuhusu mtihani, hatua ninayoidai ni mstari mmoja.

Zoezi lake nalo ni rahisi. Kata vipande viwili vya nailoni nyepesi ileile, kimoja kiwekwe juu ya bati, kingine nyuma ya kioo cha dirisha kinachopigwa na jua, na kila baada ya wiki chache wavivute waone kipi kimedhoofika. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mawimbi yaliyo chini ya nanomita 310 hivi, lakini sehemu nzuri ya 345 hupita. Kabla hawajavivuta, waandike wanategemea nini, na kwa hesabu ipi.