Protokoli Yote Imeheshimiwa

Barua ameniletea mtoto wa jirani asubuhi hii, ndani ya bahasha ya kaki, imegongwa muhuri. "Kwa Bwana Mshika Saa Mkuu. Kuhusu: kutofika kwangu kwenye kikao cha Jumamosi." Chini kuna nakala kwa prezida wa klabu, kwa makamu wa prezida, kwa katibu, kwa mweka hazina, kwa konseye, yaani mshauri, wa nidhamu na, Mungu peke yake anajua sababu, kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Nikaiangalia vizuri kwenye mwanga. Upande wa kushoto, toka juu mpaka chini, unapita mstari mweusi mwembamba unaokata herufi ya kwanza ya kila mstari wa maandishi. Mstari ule naujua. Ni wa printa yangu.

Maana yake nini? Maana yake bwana huyu, aliyeinua mkono mbele ya watu wazima akasema "mimi, muniandike, nitasema," amekuja kwenye kibanda changu cha kuchapa hapa Katuba, Lubumbashi, wakati mimi niko mjini natafuta wino, akamketisha kijana wangu, akamsomea barua ya kuniambia mimi kwamba hana nafasi, akatoa fotokopi za kila mheshimiwa, akaacha deni, akaenda zake. Hotuba tuliyomwomba ni ya dakika 7. Barua, kijana ananiambia, ilichukua asubuhi nzima, maana bwana alikuwa anatafuta neno lenye uzito kuliko "samahani".

Mtu aliye kwenye likelemba ya kuchangiana pesa kwa zamu, koro ya kanisa na komite ya wazazi hana haja nimweleze zaidi.

Klabu yetu ni ya kujifunza kusema mbele ya watu. Utaratibu hatukuubuni sisi. Mmarekani Ralph Smedley aliuanzisha mwaka 1924 kule Santa Ana, California, kwenye chumba cha chini cha jengo la YMCA, ukaenea duniani: msemaji ana dakika 5 hadi 7, mmoja anashika saa, mmoja anahesabu kila "eee" inayomtoka msemaji, mmoja anaipima hotuba na kumwambia mwenyewe palipo pazuri na palipopinda. Kazi zinazunguka, leo wewe, kesho mwenzako. Sisi hapa Lubumbashi tuliupokea wote ulivyo, tukaongeza kitu kimoja tu: vyeo. Tuna prezida, prezida wa heshima, makamu wa kwanza, makamu wa pili, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, konseye wa nidhamu na konseye wa mambo ya nje, yaani ya nje ya Katuba. Mwanachama mtupu amebaki mmoja, na yeye ameshaomba atambuliwe kuwa mwakilishi wa wanachama. Mimi ni Mshika Saa Mkuu. Mdogo hayupo, lakini hiyo "Mkuu" hainitoki.

Sasa niwaambie heshima inavyogawanywa. Kikao ni saa nane. Mimi nafika mapema kwa sababu nilisema nitafika. Malipo yake? Namtafuta sentinele, mlinzi wa shule mwenye ufunguo, ambaye amekwenda kula bukari, ugali wetu, kwa shemeji yake. Napangusa vumbi kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, yale ambayo mtu mzima akikaa magoti yanamfikia kidevuni. Wenzangu wanaingia, wananikuta na tambara mkononi, wanasema, "Papa, ongeza na pale." Anayekuja saa tisa na nusu, huyo sasa anapigiwa makofi. Tunasimama. Tunamwondoa mtoto wa watu kwenye kiti cha plastiki cha mbele, tunampa yeye. Anakaa, anajipepea na programu, anauliza, "Mushaanza?" kwa sauti ya mtu aliyekosewa.

Sababu zao nimezichoka. Kuna ambaye simu yake inasoma saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Kinshasa hajafika hata siku moja, ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, lakini saa yake ilishahamia huko. Kuna ambaye kwake ni mvua tu, hata mwezi wa saba. Kuna anayehesabu "eee" za wenzake, na yeye akisimama kutoa ripoti anaanza, "Donc, bon, voilà, donc." Kuna ambaye kila mada kwake inaishia Abu Dhabi, Desemba 2010, timu yetu ya mpira Mazembe ikiwafunga Wabrazili mawili bila. Tulimpa "Malezi ya watoto", akafika Abu Dhabi kabla ya taa ya kijani ya dakika ya 5. Huyu simlaumu sana.

Yupo pia asiyejiandikisha kamwe, halafu anatokea na hotuba mfukoni. Ukimwambia jina lake halipo, anakujibu, "Na Lumumba je, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa kwenye programu?" Hakuwa, ni kweli. Waliopangwa kusema siku ile ya uhuru ni mfalme Baudouin na prezida Kasavubu. Lumumba akasimama akasema yake, na mpaka leo watu wanaisoma. Lakini papa, Lumumba alikuwa anamjibu mfalme wa Wabelgiji juu ya miaka 80 ya utawala. Wewe umetuletea "Umuhimu wa kulala mapema".

Mweka hazina tulimwomba hesabu ya faini za wachelewaji. Akavua miwani, akatoa leso, akatuomba kwa Kifaransa tuelewe hisia zake, vilevile Mobutu, prezida wa nchi wakati ule, alivyosema pale N'Sele tarehe 24 Aprili 1990 alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Mobutu angalau alikuwa na chama cha kuaga. Huyu anaaga nini? Franka elfu moja moja za watu.

Lakini hayo ni madogo. Ngoja niwape Jumamosi ya Mheshimiwa.

Konseye wa mambo ya nje alituletea mgeni, mshauri wa zamani katika mkoa wa Katanga. Mkoa wenyewe uligawanywa vipande 4 mwaka 2015, ila kadi zake za mfukoni hazijapata habari. Mada kwenye programu: "Faida za kufuga kuku nyumbani." Watu walikuja! Mama mmoja jirani yangu, aliyechoka kununua mayai yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, alikuja na daftari jipya na kalamu mbili.

Umeme haukuwepo, hilo hata siwaambii. Taa zetu, ya kijani kwa dakika ya 5, ya njano kwa dakika ya 6, nyekundu kwa dakika ya 7, zilikuwa zimelala. Nikakimbia nyumbani kuchukua sahani za plastiki za mama watoto. Nyekundu ipo. Njano ipo. Ya kijani hakuna, ila ipo ya bluu, bluu ile ya mbingu. Nikasema basi, msemaji mwenye akili ataelewa.

Mheshimiwa akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akakifungua. Akakifunga tena. Halafu akaanza kusalimia. Alimsalimia prezida wa klabu pamoja na "mama prezida", ambaye hakuwepo. Akamsalimia prezida wa heshima. Akasalimia makamu mmoja mmoja, kila mmoja kwa cheo chake na kwa cheo alichokuwa nacho kabla ya hicho. Viongozi wa dini, madhehebu yote. Viongozi wa kimila, waliopo na waliopata kizuizi. Wakuu wa jeshi na polisi: tulikuwa na polisi mmoja wa barabarani, aliyeingia kukwepa jua. Wanahabari: akamgeukia kijana aliyekuwa anatafuta mtandao dirishani. "Kila mmoja kwa cheo na daraja lake, protokoli yote imeheshimiwa!" Makofi. Watu wakasogeza viti, sasa tunaingia kwa kuku. Wapi! Akakumbuka hajasalimia akina mama.

Dakika ya 5, nikainua bluu. Akaniitikia kwa kichwa, kwa upole. Nikaiegemeza juu ya meza kwenye chupa ya sukre, yaani soda, aendelee kuiona. Dakika ya 6, nikainua njano. Uso wake ukabadilika. Dakika ya 7, nikasimama wima na nyekundu kwenye mkono wa pili. Akanyamaza. Nikasema moyoni, asante Mungu, amesikia. Kumbe macho yamemlowa. "Wandugu wapenzi," akasema, "huyu mzee ametuinulia rangi za bendera yetu. Tusimame."

Tukasimama. Ungefanya nini? Akaanzisha wimbo wa taifa, juu sana, ikabidi tushuke naye njiani tukatafute sauti nyingine. Polisi akapiga saluti. Na mimi niko mbele, bluu mezani, njano mkono huu, nyekundu mkono ule, siwezi kuzishusha, kwa sababu sasa hazikuwa sahani tena. Mtu akishusha bendera wimbo haujaisha, kesho anaulizwa ni wa nchi gani. Mabega yakaanza kutetemeka. Ile nyekundu ilikuwa bado inanuka kapenta za jana, na iko karibu kabisa na pua yangu, na mimi naimba.

Wimbo ukaisha. Nikasema, kwa adabu zote, "Mheshimiwa, wakati umekwisha." Hapo ndipo Metre, mwanasheria wa klabu, alipoinua kidole: dakika za wimbo wa taifa hazihesabiwi. Sheria hiyo iko wapi? Akasema ni kanuni ya jumla. Konseye wa nidhamu akamuunga mkono. Makamu wa kwanza akataka mgeni arudishiwe wakati wake, kama refa anavyoongeza dakika za majeruhi. Makamu wa pili akapinga, si kwa sababu ya wakati, bali kwa sababu ya makamu wa kwanza. Ikapigwa kura. Kura yenyewe ilikula dakika nyingi kuliko zile tulizompigia. Na Mheshimiwa, mtu aliyelelewa vizuri, hakutaka kuendelea pale alipokatizwa. Alianza upya. Pamoja na mama prezida.

Mpimaji wa hotuba siku hiyo alikuwa konseye yuleyule aliyemleta. Aliona kasoro moja: Mheshimiwa amekuwa mfupi. Mlangoni, mama jirani akanionyesha daftari lake. Ukurasa wa kwanza ameandika KUKU, kwa herufi kubwa nzuri, akapigia mstari. Chini yake hakuna kitu.

Hata mimi ningecheka, kama si yule binti. Anatoka Ruashi, mwanafunzi, na ile ilikuwa hotuba yake ya kwanza, baada ya mgeni. Nilimkuta mlangoni kabla sentinele hajarudi, tukapangusa madawati pamoja. Hotuba yake ilikuwa kwenye karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne, na jinsi alivyoikunja na kuikunjua mchana kutwa, maandishi yalikuwa yameanza kufutika kwenye mikunjo. Mheshimiwa alipoketi, jua linazama, katibu akatangaza kwamba kwa ajili ya ufinyu wa wakati, binti atasema siku nyingine. Ufinyu wa wakati! Wakati naushika mimi, nani ameniuliza? Alihitaji dakika 5. Kwenye kusalimia hakutajwa, sababu hana cheo. Kwenye kura hakuulizwa, sababu hajalipa kadi. Akaniambia, "Haina neno, papa," akaenda kutafuta basi la kurudi kwao.

Ina neno! Ina neno kubwa! Watu wenye tai wanakaa pale kila Jumamosi wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaheshimu mtu, na kijana wa kwanza kufika wanamrudisha na karatasi yake mkononi, halafu wanasimama kupiga picha na mgeni, na mimi wananiita nishike simu kwa sababu eti mikono yangu imeshazoea kuinuka! Nilipiga. Nikawakata vichwa wote kuanzia prezida mpaka konseye, na wakija kuitoa kibandani nitawatoza bei ya rangi.

Sahani hazikurudi nyumbani. Katibu ameziandika kwenye daftari la mali ya klabu: "bendera za msemaji, tatu". Kuzitoa kunataka uamuzi wa komite, na komite haijatimia tangu Pasaka. Kwa hiyo mimi, baba mwenye nyumba, nakula bukari kwenye sahani ya mtoto mdogo, ile yenye picha ya bata chini, na mboga inabidi nile upesi, bata asije akaogelea kwenye mafuta ya sombe, kisamvu chetu.

Mama watoto hanipi pole. Anasema kama najua sana saa, nikashike saa kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Wameshaniandika. Bibi harusi anatakiwa kanisani saa nne, na gauni liko kwa fundi yuleyule aliye na suruali yangu tangu wakati wa mvua. Kila nikipita hapo anainua kichwa anasema, "Imebaki mikunjo tu, mukubwa." Mikunjo gani ya miezi yote hii? Halafu alinipima wakati nina mwili, kabla bei ya unga haijapanda. Akiishona kwa vipimo vile itanianguka mbele ya wakwe. Itabidi mkanda. Na mikanda ya sokoni siku hizi ni karatasi iliyopakwa rangi ya ngozi, mtu akikaa mara mbili imepasuka, na mimi kazi yangu yote ni ya kukaa.