Mkuu hayumo kwenye orodha

Ile sauti ya dakika nne mnayorushiana WhatsApp tangu jana, ya rafiki yangu Mdomo akisimulia yaliyonipata kwenye kikao cha harusi, anacheka mpaka anakohoa, ina uongo wa aina mbili. Kwanza, sikulia. Pili, sikukimbilia chooni. Nilikwenda chooni kwa mwendo wa kawaida, nikakaa huko muda mrefu kidogo. Yaliyobaki yote ni kweli, ndiyo maana naandika mwenyewe kabla hayajavuka maji yakafika Ukerewe kwa mama mkwe.

Steshenari yangu mnaijua, pale Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, ambako hata karatasi za fotokopi hunuka dagaa. Na laptopu yangu mnaijua: RAM ya GB 4, diski ya kizamani ile inayozunguka, betri ya dakika kumi na moja. Tangu nifungue duka ilikuwa na Ubuntu 20.04, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta badala ya Windows, tunaishi kwa amani. Mei 2025 muda wake wa kawaida wa kupata masasisho ukaisha, na mimi ndipo ugonjwa uliponianza. Nihamie wapi?

Najua mtasema ningepandisha toleo tu yakaisha. Jamani, kuanzia 22.04 Firefox, kile kivinjari cha intaneti, inakuja kwa snap, aina ya kifurushi kinachochelewa kufunguka. Kwa diski yangu mimi, ukishaibofya hiyo Firefox unaweza kutoka, ukaenda Mwaloni, ukachagua sato, ukabishana bei, ukakosana na muuzaji, mkapatana, ukarudi dukani ukaikuta ndiyo kwanza inafunguka. Nikafikiria Mint, mfumo mwingine wa aina hiyo. Nikafikiria Fedora, Mdomo akaniambia hiyo kila baada ya miezi sita ina toleo jipya, utakuwa kama mpangaji wa Mabatini, kila mara godoro kichwani. Tulibishana wiki tatu nzima, wateja wamesimama na vitambulisho vyao mkononi wanasubiri kopi, mmoja akauliza kama Debian ni dawa ya minyoo.

Nikaamua Debian. Hoja yangu ilikuwa nzito: Ubuntu yenyewe imetokana na Debian, sasa kwa nini ninunue samaki kwa mchuuzi wa Igoma wakati mtumbwi unatia nanga mbele ya duka langu? Halafu kulikuwa na lile jambo la jina. Ian Murdock alipoianzisha mwaka 1993 alichukua jina la mpenzi wake Debra akaliunganisha na lake. Mimi hapo ni katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na kadi zetu nazo tumeunganisha majina hivyo hivyo. Nikaona ni ishara. Sikusoma mpaka chini. Wale walioana kweli, baadaye wakaachana.

Kazi tukaifanya Jumamosi usiku. Kikao cha mwisho cha kamati kilikuwa Jumapili saa kumi jioni, na daftari lote la michango limo ndani ya laptopu. Msinipigie kelele, mke wangu ameshapiga za kutosha.

Mdomo akaja na flashi yake yenye Debian 11, wakati huo 13 imeshatoka. Kufika katikati, kompyuta ikasema haina programu ya kuendeshea kadi ya Wi-Fi. Toleo la 12 la mwaka 2023 lilishaliondoa tatizo hilo, programu zile zinakuja humo humo, lakini flashi ya Mdomo ilichomwa enzi za mababu. Tukachomeka simu kwa waya, tukaendelea. Ikafika mahali ikaniuliza paswedi ya root, yaani mkubwa wa kompyuta. Sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia. Debian ukiliacha hilo swali wazi, inakupa sudo wewe mtumiaji wa kawaida, yaani inakuweka kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutoa amri kama mkubwa, kama Ubuntu. Ukiweka paswedi, mkubwa anakuwa root peke yake na wewe unabaki mpita njia. Mimi nikaweka. Halafu ikaniuliza jina langu la kuingilia, nikaandika "mkuu". Saa saba usiku mtu anajiona mkuu.

Mafaili sikuyagusa, yalikuwa kwenye sehemu ya pili ya diski, niliyoiita Ghala. Na wewe unayeuliza kwa nini sikujaribu kufungua Ghala usiku ule ule: umeme ulikatika kompyuta ilipomaliza tu kujizima. Asubuhi kanisani, mchana msibani Nyegezi. Haya, tuendelee.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa nyuma wa baa moja ya Pasiansi. Watu kama thelathini. Mwenyekiti mbele, mweka hazina kulia kwake na kile kipochi chake, na baba mdogo wa bwana harusi kutoka Sengerema aliyefika saa nane na nusu, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe hana tena kisingizio cha kivuko. Kwenye kiti cha kwanza kabisa amekaa Mwalimu, mama yetu mstaafu aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, mtu anayesahihisha hata bango la bia. Na nieleze kwamba wiki mbili nzima palikuwa na mnong'ono: michango iliyosomwa na pesa iliyoonekana haviendani. Hakuna aliyetaja jina. Lakini nikipita watu walikuwa wananyamaza.

Projekta ya kukodi ikawashwa. Picha yangu ukutani, mita mbili kwa tatu.

Nikabofya Ghala. Kikatokea kisanduku: weka paswedi ya root. Nikaweka. Siyo. Nikaweka nyingine. Siyo. Jasho likaanza kwenye goti, sijui kwa nini kwenye goti. Ya tatu, siyo. Mwenyekiti akakohoa. Nikasema, "Mheshimiwa, sekunde moja," nikafungua lile dirisha jeusi la maandishi ili niifungue Ghala kwa amri, kama nilivyozoea kwenye Ubuntu miaka yote. Nikaandika sudo mount na yaliyofuata, nikabonyeza Enter kwa madaha, kidole cha mwisho hewani.

Wanaotumia wanajua. Ukitumia sudo mara ya kwanza, kabla ya kukuomba paswedi inakupa mawaidha. Kwa Kiingereza. Ukutani. Mwalimu akavaa miwani.

"Inasema," akaanza, kwa sauti ile ya darasani, "tunaamini umeshapewa mawaidha ya kawaida na msimamizi wako. Moja: heshimu siri za wengine." Akanyamaza. Watu wakanitazama. "Mbili: fikiri kabla ya kuandika. Tatu: mwenye mamlaka makubwa ana wajibu mkubwa."

Baba mdogo wa Sengerema akasema, "Eeh. Hiyo ya tatu rudia."

Akairudia.

Nikaanza kuandika paswedi yangu mimi, ya mkuu. Sasa lile dirisha jeusi, ukiandika paswedi halionyeshi kitu. Wala nyota, wala nukta. Vidole vinakimbia, ukutani patupu.

"Mbona haandiki?"

"Anajifanya anaandika."

"Mwacheni jamani, labda anaomba."

Nikabonyeza Enter. Projekta nayo, kama imetumwa, ikachelewa kidogo. Halafu mstari ukajichora. Mwalimu akasimama kabisa, akausogelea ukuta, kivuli cha kilemba chake kikaangukia maneno, akarudi nyuma hatua moja, akasoma taratibu kama anayetangaza matokeo:

"Mkuu... hayumo... kwenye orodha."

Kimya. Nje mtu anachinja kuku, tunamsikia kuku.

"Tukio hili... litaripotiwa."

Nimezaliwa Mwanza, nimeona radi ikipiga ziwani, lakini ukimya ule sijawahi kuusikia. Mweka hazina akafunga kipochi chake. Kla! Mwenyekiti akauliza pole pole, hanitazami mimi, anautazama ukuta, "Litaripotiwa wapi, Mwalimu?"

"Haijasema, mwenyekiti. Ila imesema litaripotiwa."

"Kumbe hata kompyuta imejua," akasema mama mmoja nyuma, na hapo ndipo viti vilipoanza kulia.

Nikajaribu kueleza. Jaribu wewe kueleza sudo kwa watu thelathini wanaokudai maelezo ya milioni tatu. Nikasema mkuu ni mimi, lakini si mkuu halisi, kuna mkuu mwingine juu yangu. Baba mdogo akauliza, "Huyo mwingine ni nani, tumwite." Nikasema naye ni mimi. Hapo nikajinyamazia.

Nikampigia Mdomo, kwa sababu aliniona nikiiandika ile paswedi ya root. Na kwa kuwa kunong'ona na simu mbele ya watu wanaokuhisi wizi ni sawa na kukiri, mwenyekiti akaamuru niweke laudispika. Nikaweka.

"Paswedi?" Mdomo akapaza sauti kama yuko kwenye kipaza sauti cha mnada. "Si ile uliyosema huwezi kuisahau! Natajirika! Natajirika 2025! Herufi ndogo, usiache nafasi!"

Mweka hazina alitoa kalamu akaandika. Nilimwona kwa macho yangu.

Nikaandika su, amri ya kuingia kama root, nikaandika hicho nilichotajiwa, Ghala ikafunguka. Faili langu likafunguka: michango_mwisho_mwisho_kabisa2. Hesabu ilikuwa safi, shilingi kwa shilingi, pengo lote lilikuwa la ahadi ambazo hazijalipwa. Ningekuwa nimepona hapo. Lakini mwezi uliopita, kwa ujuzi wangu mwenyewe, niliweka fomula inayopaka rangi nyekundu jina la kila aliyeahidi akakaa kimya, ili waone aibu. Nyekundu zilikuwa tano. Ya juu kabisa, ukutani, nene kama bango la barabarani: Katibu, ahadi 150,000, ametoa 0.

Mwalimu hakuisoma kwa sauti. Aliinama tu, akafuta miwani. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Basi, nimelipa Jumatatu asubuhi, risiti ninayo, harusi ni Jumamosi, mshenga amesema nisiguse projekta. Kompyuta imebaki na Debian, na nieleze tu kwamba inakimbia vizuri mno, Firefox inafunguka kabla sijakaa. Mkuu nimeshamwingiza kwenye kundi la sudo. Wauza dagaa wa Mwaloni nikipita wanaitana, "Mkuu hayumo!" na mimi nawapungia mkono kama mgombea.

Jana Mwalimu alikuja kutoa kopi ya cheti. Alipomaliza akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile ripoti ilikwenda wapi hatimaye?" Nikamwambia inaandikwa humu humu ndani, kwenye faili linalosomwa na msimamizi wa kompyuta. Akauliza msimamizi ni nani.

Tulipomaliza kucheka nikaifungua, tukaisoma wote wawili. Ipo kweli, na saa na dakika. Bado nalifikiria suala hilo, sijachukua hatua yoyote.