Kidonge Kisicho na Dawa, Maumivu ya Kweli

Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio la watu 60 walioacha statini, dawa za kushusha kolesteroli, wakisema zinawaumiza. Kila mmoja alipangiwa chupa 12, moja kwa mwezi: nne za atorvastatini miligramu 20, nne za vidonge vya sura ileile visivyo na dawa, nne tupu. Kila siku walijipa alama za adha, 0 hadi 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8.0, ya dawa 16.3, ya vidonge bandia 15.4. Yaani sehemu kubwa ya adha iliyoongezeka juu ya ile ya miezi ya chupa tupu, kama asilimia 90, ililetwa na tendo la kumeza kidonge. Walipoonyeshwa alama zao wenyewe, nusu yao walirudia dawa.

Hawakuwa wanajifanya. Anayengoja maumivu hukaza misuli, moyo humwenda mbio, na kachomo ambacho jana asingekijali leo anakiandika.

Hata hivyo, Kiswahili kinatenganisha kuumwa na ugonjwa, na hapo ndipo hoja ya wanaosema "yote yako kichwani" inapolegea. Jaribio lile lilipima kuumwa; halikuonyesha hofu ikiziba mshipa wala kuotesha uvimbe. Kuna pahali mpaka huo huvukwa: takotsubo, iliyoelezwa Japani mwaka 1990. Baada ya mshtuko mkubwa, kama taarifa ya msiba, chemba ya kushoto ya moyo huvimba na kushindwa kusukuma damu vizuri. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona.

Upande wa pili una kumbukumbu chungu. Kwa miaka mingi mwenye vidonda vya tumbo aliambiwa apunguze mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wakaonyesha kwamba bakteria, Helicobacter pylori, ndiye chanzo kikubwa, wakapewa Nobel mwaka 2005. Leo tiba ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. (Dawa za maumivu kama aspirini nazo huchimba vidonda.)

Kwa hiyo anayelalamikia misuli akiwa kwenye statini apimwe kwanza kimeng'enya cha kreatini kinase katika damu. Kikizidi mara 10 ya kikomo cha kawaida, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, dawa isimamishwe mara moja: hiyo ni misuli inayoharibika.