Mchumi, Njoo Unieleze Bei ya Mandazi

Juzi ndani ya matatu redio ilikuwa wazi, na mchumi mmoja akaulizwa kwa nini Wakenya waliukataa Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotaka kuongeza kodi. Akajibu kwamba wananchi hawakuelewa. Nilishuka steji moja kabla ya yangu kwa hasira.

Hawakuelewa nini? Dada yangu hukaanga mandazi kando ya barabara, na mafuta anayotumia ni ya kupima. Aliposikia ushuru wa asilimia 25 unakuja kwenye mafuta ya kupikia, alichukua kipande cha katoni akapiga hesabu: unga, mafuta, makaa, kodi ya kibanda. Kupandisha bei hawezi, maana wateja wake ni watu wa mjengo na wa bodaboda wanaojua kila shilingi kumi inakokwenda. Basi mandazi yapungue. Na wakianza kwenda kibanda kingine? Alikaa na kile kipande hadi usiku. Sijaona kosa katika hesabu yake.

Deni lipo, nakubali. Eurobond ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, yaani mkopo wa Serikali kutoka kwa wawekezaji wa nje, ilitakiwa kulipwa Juni 2024, na Februari mwaka huo Hazina ilikuwa imekopa upya ili ianze kuilipa. Hesabu hizo zinataka mtu aliyesoma. Nao wasomi walijaa: Waziri wa Fedha alikuwa profesa wa uchumi na gavana wa zamani wa Benki Kuu, Rais ana baraza zima la washauri wa uchumi, na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, walikuwa na mpango wao wa mkopo na nchi tangu 2021. Shilingi bilioni 346 walizotaka kukusanya, walizijua. Kuja kutueleza, hakuna aliyekuja.

Mswada ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili. Waliotufasiria kwa Kiswahili, Kikuyu na Dholuo ni vijana na simu zao, huko TikTok, bila mshahara. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika mambo ya fedha. Kazi hiyo ilikuwa ya nani? Pendekezo la kutoza mkate VAT, kodi ya ongezeko la thamani, liliondolewa kwenye mswada Juni 18, siku vijana walipokuwa tayari barabarani. Juni 25 watu wakauawa kwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake ndipo Rais akakataa kutia sahihi.

Sisemi mchumi apigiwe kura. Nasema aje kwenye baraza la chifu, Kibra au Lodwar, kabla mswada haujafika Bungeni. Aseme kwa Kiswahili: lita moja itapanda kwa kiasi hiki, wewe utatoa hiki, mwenye Prado atatoa hiki, na pesa zitalipa deni fulani. Halafu akae aulizwe.

Dada yangu atafika mapema. Anataka kujua zile dola bilioni 2 za 2014 zilijenga nini, na kile kipande cha katoni bado amekibandika ukutani kibandani.